Aliyemuua Mfalme wa Chumvi

Fundi sauti ndiye aliyemkuta. Jumatatu asubuhi, kabla ya saa mbili, alisukuma kwa bega mlango mzito wa chumba cha kurekodia, kikombe cha chai mkononi, na kabla hajawasha taa soli ya kiatu chake ikanata kwenye kitu cha majimaji mazito sakafuni. Alipowasha taa, kikombe kilimponyoka.

Mtunzi alikuwa amelala kifudifudi chini ya maikrofoni. Pembeni yake kilikuwepo kitako cha chuma cha stendi, kimefunguliwa kutoka kwenye mguu wake, kina damu iliyoganda. Na kwenye kioo kikubwa kinachotenganisha chumba hicho na meza ya mitambo, mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, kwa haraka:

CHUMVI HAIOZI, HUKAUSHA.

Inspekta aliposimama mbele ya kioo kile, hakuelewa chochote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye ulimi mkali kuliko wembe mpya, na katika maisha yake alikuwa hajawahi kugusa mchezo wa kompyuta hata wa karata. Alichojua ni kwamba kampuni hii ilitengeneza mchezo mmoja tu, na kwamba mchezo huo ulikuwa umewafanya watu wazima wagombane kama watoto.

"Hiyo ni nini?" aliuliza.

Koplo wake, kijana wa miaka thelathini na mabega ya mbeba mizigo, alikuwa amekunja uso. "Watu wa Chumvi, afande. Kesi imekwisha. Hiyo ni saini yao."

"Kesi haijaanza. Nieleze kama unamweleza mgeni."

Koplo alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyompanda. Katika mchezo huo kuna nchi ya nyanda nyeupe na milima ya moto. Ukoo wa Chumvi unakaa nyandani, unajiona damu ya kifalme. Ukoo wa Majivu ni wahunzi wa milimani. Zamani walikuwa kitu kimoja, chini ya Mfalme wa Chumvi, mpaka asubuhi moja mfalme akakutwa amekufa uwandani, mkuki wa Majivu kifuani. Chumvi wakasema Majivu wamemuua. Majivu wakasema mkuki ulichomekwa kwenye maiti. Tangu siku hiyo ni vita. Kila anayeanza kucheza huchagua ukoo, na akishachagua habadilishi.

"Na Mtunzi?"

"Ndiye aliyeitunga historia yote, tangu babu wa mababu. Sura mpya ilikuwa itoke mwezi huu. Ingesema nani alimuua mfalme. Mitaani kulishavuma kwamba Chumvi wanaumbuliwa. Ijumaa walikuja hapo getini na mawe. Wasaliti wakubwa wale."

Inspekta aliutazama ufunguo wa pikipiki ulioning'inia kwenye mkanda wa koplo. Ulikuwa na kibati chenye alama ya nyundo ndani ya moto.

"Wewe ni Majivu," alisema.

"Nje ya kazi, afande."

"Basi ikae huko huko nje. Funika kioo hicho kwa turubai. Asikione mtu, asikipige picha mtu. Na fundi sauti umwambie nikisikia maneno haya sokoni, nitajua yametoka kinywani mwake."

Inspekta mwenyewe alipekua mkoba wa marehemu. Kitana, miwani, ufunguo, na pampu ya pumu, mpya, bado ina karatasi ya duka la dawa. Kwenye meza ya mitambo, mahali pa kuchomeka diski palikuwa patupu.

"Diski ya sura mpya iko wapi?" alimuuliza fundi sauti.

"Ilikuwa hapo, mama. Ilikuwa moja tu. Alikuwa hataki nakala. Hata mimi alinitoa nje siku za kurekodi, akaendesha mitambo mwenyewe. Ndani walikuwa yeye na Mwigizaji, basi."

Mkurugenzi alifika saa tatu, amevaa suti ya kushonewa, macho mekundu. Alikuwa kaka wa marehemu, baba mmoja, mama mbalimbali, na watu wote walijua kwamba ndiye aliyemlea na kumsomesha baada ya baba yao kufariki. Inspekta alimkaribisha kwenye chumba cha mikutano kama vile ofisi ni yake yeye.

"Pole kwa msiba. Jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mchana kutwa. Mke wangu alisafiri na watoto."

"Kwa hiyo hakuna wa kukushuhudia."

"Ninahitaji shahidi wa kukaa nyumbani kwangu?"

"Leo, ndiyo. Hapa Jumapili kuna nani?"

"Hakuna mtu. Mlinzi getini tu. Dada alipenda kuja kufanya kazi kukiwa kimya. Na mlango wa nyuma alikuwa anauacha wazi, nilimkataza mara ngapi! Mtu akiruka ukuta ameingia."

"Sura mpya unaijua?"

"Sijaisikia. Hakumsikilizisha mtu yeyote. Mimi naendesha kampuni, mambo ya koo na mapanga nawaachia wao. Kusema kweli mchezo wenyewe sijawahi kuucheza."

"Mlikuwa mnapatana?"

Mkurugenzi alicheka bila furaha. "Alikuwa mkaidi. Wachezaji wanataka farasi, wanataka ngome zinaungua. Yeye anamkata mfalme pumzi kama mzee wa wodini, anataka watu walie. Lakini ni dada yangu. Kamata hao wahuni wa Chumvi, Inspekta, usije ukapoteza muda wako na sisi tuliofiwa."

"Muda ni wangu," alisema Inspekta. "Nitaupoteza ninavyotaka."

Koplo hakungoja kuambiwa. Mchana wa siku hiyo hiyo alimleta kituoni kiongozi wa mashabiki wa Chumvi, yule aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Jemadari, aliyemwandikia Mtunzi hadharani: "Tutakuzika na kalamu yako." Inspekta alitegemea kuona jibaba lenye kovu. Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, miwani ya kusomea imening'inia kifuani, bado amevaa koti jeupe la duka la dawa.

"Amenitoa kaunta mbele ya wateja!" alifoka. "Kanivuta mkono kama mwizi wa kuku! Mama mmoja alikuwa anasubiri dawa ya mtoto, nimeburutwa na chupa yake mkononi!"

"Keti."

"Siketi. Huyu ni Majivu, nimekiona hicho kibati chake. Hii ni polisi au ni kijiwe cha wahunzi?"

"Keti!" Koplo alipiga meza. "Mmeua, mnataka heshima!"

"Koplo, ukipiga meza hiyo tena utakwenda kuongoza magari." Inspekta alimgeukia mwanamke. "Na wewe, Jemadari, uliandika utamzika. Amekufa. Nifanyeje, nikupigie makofi?"

Jemadari alikaa. "Tunaandikiana hivyo kila siku. Wao wanatuita mashudu, sisi tunawaita masizi. Jana nilikuwa zamu dukani tangu asubuhi mpaka kufunga, waulize wenzangu. Mtunzi mwenyewe nilimchukia, sifichi. Lakini nimeishi ndani ya nchi aliyoitunga kuliko nilivyoishi kwa mume wangu. Unamuua vipi mtu wa namna hiyo?"

Inspekta aliamua kutoa kidogo ili apate kikubwa. Aliandika maneno ya kwenye kioo juu ya karatasi, akaisukuma mezani.

"Muuaji ameacha hii. Si kiapo chenu?"

Jemadari alivaa miwani, akasoma, akasoma tena. Kisha akacheka, kicheko kibaya cha dharau.

"Hukausha? Hukausha nini? Kiapo ni 'Chumvi haiozi, hukumbuka'! Kila mtoto wa Chumvi anakijua. Ukikikosea kwenye baraza letu unatolewa nje siku hiyo hiyo. Aliyeandika takataka hii si mtu wetu. Muulize huyo mhunzi wako, hata yeye anakijua, wanakitumia kututukana."

Inspekta aligeuka polepole. Koplo alikuwa akitazama dari.

"Ulijua?"

"Afande..."

"Nimekuuliza, ulijua kwamba maneno yamekosewa?"

"Niliona. Nikadhani... kwa haraka, afande, mtu ana damu mikononi, anaweza kuteleza."

"Hukudhani. Ulitaka." Inspekta alisema bila kupaza sauti, na ndiyo maana koplo alirudi nyuma hatua. "Ulikuwa na ushahidi wa kumtoa mama huyu kwenye pingu, ukaukalia kama kuku, kwa sababu ya vita vya kwenye kioo cha televisheni. Mrudishe dukani kwake. Umwombe radhi mbele ya wateja wale wale. Kwa sauti."

"Hawatakuwepo wale wale," alisema Jemadari, akiinuka.

"Basi amwombe mbele ya watakaokuwepo."

Jioni hiyo Inspekta aliipanga kesi upya. Aliyeandika alitaka Chumvi washukiwe, kwa hiyo si Chumvi. Alikosea kiapo ambacho hata adui anakijua, kwa hiyo si Majivu wala si mchezaji wa aina yoyote. Lakini aliona diski ina thamani ya kuibwa. Ni mtu wa ndani asiyecheza.

Jumanne alimwita Mwigizaji, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito ya kutikisa madirisha. Yeye ndiye sauti ya Mfalme wa Chumvi katika mchezo, kila mfalme anapotokea ndotoni kwa wanawe. Mlinzi wa getini alikuwa amesema kwamba Jumapili, kabla ya adhuhuri, Mwigizaji alitoka ofisini akibamiza milango na kutukana.

"Mligombana," Inspekta alianza.

"Tuligombana."

"Kwa sababu anamuua mfalme wako, na wewe unakula kwa mfalme huyo."

"Mfalme amekufa tangu mwanzo, mama. Mimi ni mzimu. Nilichokasirikia ni namna." Alijipangusa jasho. "Nilimwahidi sitasema."

"Uliyemwahidi yuko chumba cha maiti. Na aliyeonekana akitoka kwake mara ya mwisho ni wewe. Mcheza ngoma anajua mwenyewe atakavyotoka uwanjani."

Mwigizaji akanyoosha mgongo, na Inspekta akaona uso wake ukibadilika, ukizeeka. Maneno hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Mtunzi alikuwa amemfundisha kwa mdomo, mstari kwa mstari. Akaanza, na ile sauti nzito ikawa imekatika, imepwaya, sauti ya mtu anayevuta hewa kwenye tundu la sindano.

"'Mwanangu... kibuyu. Kibuyu cha dawa... kiko hapo, miguuni pako. Mbona umekaa? Mbona unanitazama? Nipe... wewe si wangu wa kwanza? Jua limeshatoka, watu watakuja. Nipe kabla hawajaja.' Halafu hasemi tena. Anahema tu, dakika nzima. Nilirekodi kuhema kule mara kumi na moja, koo likatoka damu. Kila mara ananiambia, 'Bado. Haikuwa hivyo. Ilikuwa taratibu zaidi.' Hapo ndipo nilipomtukana nikaondoka. Nilimwambia, unasemaje haikuwa hivyo, wewe ulikuwepo?"

Koplo, aliyesimama mlangoni, alikuwa ameacha mdomo wazi. "Kwa hiyo Majivu hawakumuua."

"Hakuuawa na Majivu, hakuuawa kwa mkuki," alisema Mwigizaji. "Mwanawe wa kwanza alimnyima dawa mpaka pumzi ikakata. Mkuki aliuchomeka baadaye, ili lawama iende milimani."

Inspekta alikuwa amesimamisha kalamu hewani. Anamkata mfalme pumzi kama mzee wa wodini. Nani alisema hivyo? Mtu ambaye hajaisikia sura mpya. Mtu ambaye hata mchezo wenyewe hajawahi kuucheza.

"Mtunzi alikujibu nini," aliuliza, "ulipomwuliza kama alikuwepo?"

"Alichukua pampu yake akavuta dawa. Alikuwa ameanza kuumwa pumu mwaka huu."

Mama mzazi wa Mtunzi aliishi nyuma ya tanuri la matofali lililozimwa zamani, katika nyumba iliyokuwa na vumbi jekundu hadi kwenye mapazia. Alikuwa mke mdogo. Inspekta alimkuta amezungukwa na waombolezaji, akamwomba faragha, wakaingia chumba cha ndani pamoja na koplo.

"Mama, najua si wakati wake. Nahitaji kujua baba wa watoto hawa alikufaje."

Mama alimtazama kwa macho makavu. "Kwa pumu. Alikuwa na mashamba ya chumvi, nyumba ya mke mkubwa ilikuwa kule kule. Mimi alinijengea hapa, kwenye tanuri. Watu walituita hivyo: watoto wa chumvi na watoto wa majivu."

Koplo alikohoa. Inspekta alimkanyaga mguu.

"Siku hiyo alikuwa shambani na mwanawe wa kwanza, huyu Mkurugenzi wenu. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Akabanwa. Kijana akaja mbio kusema baba amekufa, dawa haikuonekana, na kwamba ni sisi tuliomfichia dawa, kwa sababu usiku ule alikuwa amelala kwangu. Mke mwenzangu akasimama barabarani akaniita mchawi. Mpaka leo hatujasalimiana."

"Na binti yako alikuwa wapi?"

"Alifuatana na baba yake. Alikuwa na miaka sita. Walimkuta nyuma ya magunia, amejikunja. Mwaka mzima hakutoa sauti. Kaka yake alikuja kumchukua akamlee, nami nikasema huruma hiyo! Leo unaponiuliza ndipo naona: kumbe alikuwa anamchunga mdomo." Alishika ukingo wa kitanda. "Mwaka huu mwanangu alipoanza kubanwa pumzi, alinipigia simu akilia. Akasema, 'Mama, sasa najua dakika zile zina urefu gani.' Sikumwelewa."

"Mama, swali la mwisho. Kuna msemo wa chumvi mliokuwa mkiusema nyumbani?"

"Wa baba yao. Mtoto akikosea, kabla hajamchapa, anamwambia: 'Chumvi haiozi, hukausha.' Yaani nitakukausha machozi. Binti yangu aliuchukia. Alipoutia kwenye mchezo wake aliubadilisha mwisho, akaniambia hataki ule wa fimbo."

Jumatano, saa nne asubuhi, Inspekta aliwakusanya kwenye chumba cha mikutano cha kampuni: Mkurugenzi, Mwigizaji, fundi sauti, na Jemadari, aliyekuja amenuna na kukaa pembeni ili asikaribiane na koplo. Lakini koplo hakuwepo. Alikuwa ametumwa mahali na hati ya upekuzi.

"Hii ni nini, Inspekta?" Mkurugenzi alisema. "Tunazika mchana. Huyo mama anafanya nini hapa badala ya kuwa rumande?"

"Tutamaliza sasa hivi. Muuaji aliandika kiapo cha Chumvi kwenye kioo. Nataka kila mmoja aniambie kiapo hicho. Fundi?"

"Chumvi haiozi, hukumbuka," alisema fundi sauti.

"Mwigizaji?"

"Hukumbuka."

"Jemadari sina haja ya kumwuliza, atanipiga. Mkurugenzi?"

Mkurugenzi alifungua mdomo, akaufunga. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kama mtu aliyesikia jina lake likitamkwa vibaya. Inspekta aliona kabisa ile hesabu ikipita machoni mwake, na akaona alivyochelewa.

"Hukumbuka," alisema.

"Umewasikia wenzako. Lakini Jumapili hukuwa na mwenzako." Inspekta alivuka mlango hadi chumba cha mitambo, akavuta turubai. Nyuma yake, kupitia mlango ulioachwa wazi, kile kioo kilionekana na herufi zake nyekundu. "'Hukausha.' Duniani kuna nyumba moja tu inayosema hivyo, nayo ni nyumba ya baba yako. Mke wake mdogo anausema. Dada yako aliujua, lakini yeye alikuwa sakafuni. Anabaki nani aliyewahi kuambiwa maneno hayo kabla ya fimbo?"

"Msemo! Unanishika kwa msemo!"

"Na kwa ulimi. Uliniambia hujaisikia sura mpya, halafu ukaniambia mfalme amekatwa pumzi. Mji mzima ulikuwa unajua mkuki. Pumzi waliijua watu wawili, mmoja amekufa, mwingine huyu hapa, na hakukwambia."

"Sikumwambia," alisema Mwigizaji kwa sauti ya chini. "Wala simpendi kiasi cha kumwambia."

"Nyamaza wewe, mzimu wa kukodi!" Mkurugenzi alisimama, kiti kikaanguka. "Nimewalisha ninyi nyote! Nimemlisha na yeye! Na wewe, Inspekta, una nini mkononi? Maneno! Mahakamani utapeleka maneno?"

Mlango mwingine ulifunguliwa. Koplo aliingia na mfuko wa plastiki, ndani yake diski nyeusi. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Nyumbani kwake, afande. Haikuwa imefichwa. Ilikuwa imechomekwa kwenye mashine ya michezo ya watoto, sebuleni. Mashine ilikuwa bado inawaka. Ina moto." Aliuweka mfuko mezani. "Alikuwa anaicheza."

Mkurugenzi hakukimbia. Aliinamisha kichwa, akaokota kiti, akakikalia tena, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka.

"Jumapili alinipigia simu," alisema. "Akasema njoo uidhinishe. Nikaingia kwa geti dogo la nyuma, ufunguo ninao. Akaniketisha pale, akanipa kifaa cha kuchezea mkononi. Alijua sijawahi. Akanionyesha kitufe cha kutembelea, cha kuinamia, cha kuokotea. Nikatembea kwenye ule uwanda mweupe, alikuwa ameuchora kama ulivyokuwa, hadi magunia. Kibuyu kiko mkononi mwangu. Mzee anahema. Nikabonyeza ili nimpe. Hakuna. Nikabonyeza vyote. Alikuwa hakuweka cha kumpa. Ameweka cha kutazama tu."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Polisi siendi, kaka. Hii itatosha. Kila mtu duniani atakaa pale ulipokaa.' Akageuka kupanga maikrofoni yake. Akanipa mgongo, kama vile mimi si kitu."

"Na baba yenu?" Inspekta aliuliza. "Yeye alikukosea nini?"

"Asubuhi ile alinitukana mbele ya vibarua. Alinivua shati, akanichapa, mtu mzima." Sauti yake ilipanda ghafla, ikawa ya kijana. "Nilitaka aniombe! Basi! Angesema 'tafadhali' ningempa. Huyo mfalme wa kwenye mchezo anaomba, anabembeleza. Baba hakuniomba. Alinitazama tu mpaka mwisho, kwa dharau ile ile. Dada alilijua hilo, alikuwepo. Kwa nini aliandika anaomba?"

Jemadari ndiye aliyezungumza, akivua miwani. "Labda ndivyo alivyotamani," alisema. "Ili umpe."

"Nani amekuuliza wewe?"

"Simama," alisema Inspekta. "Koplo, pingu."

Koplo alimfunga bila kumtazama. Walipopita mlangoni alisimama kidogo karibu na Jemadari, akaanza kusema kitu. Yule mama akamgeuzia uso ukutani, naye akaendelea na safari.

Alasiri, baada ya mazishi, wanawake wawili walifika kituoni kila mmoja kwa njia yake. Mke mdogo alitangulia, akaketi kwenye benchi la mapokezi na vumbi la makaburini bado miguuni. Mke mkubwa alikuja na fimbo ya kutembelea, akaenda moja kwa moja kaunta, akaigonga.

"Mwanangu yuko wapi? Namtaka mwanangu."

"Yuko ndani, mama," alisema Inspekta. "Amekiri. La dada yake, na la baba yake."

Mke mkubwa hakushtuka. Inspekta alikuwa amepeleka habari mbaya kwenye milango mingi, na aliujua mshtuko wa kweli na wa kuigiza. Hapa hapakuwa na wa aina yoyote.

"La baba yake ni la zamani," alisema mwanamke huyo. "Linafufuliwa la nini?"

"Ulijua?"

"Nilifua suruali yake. Dawa ilikuwa mfukoni."

Benchi lililia. Mke mdogo alikuwa amesimama. Alitembea hadi alipofika mbele ya mke mwenzake, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, na kwa muda Inspekta alidhani itabidi aruke kaunta awatenganishe.

"Miaka yote hiyo umeniita mchawi," alisema mke mdogo.

"Ningemwita nani? Yeye alikuwa mwanangu."

"Na yule wa kwangu uliyemwona akikaa mwaka mzima bila kusema?"

Mke mkubwa aliikaza fimbo yake, akatazama mlango wa mahabusu, akamrudia Inspekta kama vile aliyemsemesha hayupo.

"Nimemletea shati safi," alisema. "Mtampa au hamtampa?"

Mke mdogo alilichukua lile shati mikononi mwa mke mwenzake, lilikuwa jeupe, limepigwa pasi likakunjwa vizuri. Akalishika kwa muda. Kisha akaliweka juu ya kaunta, upande wa polisi, akamwambia Inspekta, "Mpe. Lakini huyu mwandike," akatoka nje.

Inspekta alivuta kiti, akakisukuma kwa mguu mpaka mbele ya mke mkubwa.

"Keti, mama," alisema. "Anza na ile suruali."